Mama Mdogo wa Bibi Harusi

Jumapili, 3 Machi

Hoteli imetugawia shajara zilizobaki baada ya wageni wakubwa kuchukua zao. Jalada la bluu, pembe zimekunjika, lakini kurasa ni nzima. Bi Mvuke, mwenzangu kwenye mashine za kufulia, amesema yake atawashia jiko. Mimi nilikusudia kuandika zamu zangu tu, ila leo nina jambo.

Kinda anaolewa.

Alikuja mchana na viatu mkononi, maana uchochoro wetu ukinyeshewa kidogo tu unageuka uji. Akasema, "Mama, kaa kwanza." Nikakaa nikijua amefukuzwa kazi kule kwenye bima. Kumbe ni mchumba. Kijana ni mpima ardhi, na nilishawahi kumsikia Kinda akimtajataja kwa juujuu, kama mtu anayetaja bei ya sukari huku akilini ana jambo lingine.

"Wazazi wake watakuja kujitambulisha," akasema. "Watafikia kwa mama mkubwa, maana hapa kwako..."

Akakitazama chumba. Kitanda, meza, jiko, kamba ya nguo.

"Maana hapa kwangu wakija wawili, mmoja atakaa kitandani," nikamalizia. Tukacheka wote.

Ni haki. Kinda amelelewa kwa Dada tangu akiwa na miaka kumi, mwaka mmoja baada ya baba yake kufukiwa kwenye machimbo ya kokoto. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka mingi, alikuwa mwalimu mkuu, hakujaliwa mtoto, na shule nzuri ilikuwa mlangoni pake. Mimi nilikuwa napanda kilimani kwenda kumwona kila Jumapili na nguo zake nilizozipiga pasi mwenyewe. Hakuna msichana aliyekuwa na sare iliyonyooka kama yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaambia wa kazini. Bi Mvuke amepiga vigelegele hadi meneja akachungulia. Mtaani habari imenitangulia, muuza mkaa ameshaanza kunisalimia, "Mama Kinda, mama wa bibi harusi!"

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika yote, maana nikiyaacha ndani yatanivimbia.

Nilifika kwa Dada asubuhi. Nilivaa gauni la zambarau, lile la kutokea. Kinda akanifunga kanga kiunoni mwenyewe na kuniomba nimsaidie jikoni, wageni wasicheleweshewe chai. Sikuona ubaya wowote. Mama wa bibi harusi kushika jiko siku kama hii ni raha.

Walikuja watatu: kijana, baba yake asiye na maneno mengi, na mama yake mwenye duka la dawa. Huyu mama humu nitamwita Bi Dawa, maana hata kicheko chake anakitoa kwa kipimo.

Nikaingia sebuleni na sinia. Kinda alikuwa amesimama akitambulisha. "Huyu ndiye baba," akasema, akimwonyesha Shemeji, mume wa Dada. Shemeji akatazama zulia. "Na huyu ndiye mama." Dada akainamisha kichwa kwa heshima zote. Halafu Kinda akaniona mimi. Macho yake yakanigusa usoni, yakateleza, yakaenda kutua kwenye vikombe.

"Na huyu ni mama mdogo."

Kijana akainuka palepale. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nikaweka sinia, nikamimina, hakuna tone lililomwagika.

Nimekuwa nikilizungusha neno hilo njia nzima. Kwa lugha yetu Kinda hakukosea. Dada ni mama yake mkubwa, na mama mkubwa ni mama. Mimi ni mdogo wake Dada, na mdogo wa mama ni mama mdogo. Ukianza kuhesabu kwenye kiti alichokalia Dada, hesabu inatimia vizuri kabisa. Inaharibika tu ukianzia tumboni mwangu.

Jikoni nilimshika mkono. "Umeniita nani?"

"Mama, punguza sauti."

"Nimekuuliza umeniita nani."

"Sikupanga. Alipokuja hapa mara ya kwanza alimkuta mama mkubwa, akamwita mama. Na mimi namwita mama, si unajua? Nikasema nitamweleza kesho. Ikawa kesho na kesho."

"Na leo je?"

"Nitamweleza. Nipe muda tu. Mama yake ni mtu wa kuangalia watu wametoka wapi."

"Wewe umetoka wapi?"

Akachukua chupa ya chai akarudi sebuleni. Nilimsikia akicheka huko. Ana kicheko changu, cha kuvuta pumzi mwishoni. Hakuna aliyekitambua.

Wakati wa kuondoka Bi Dawa alinishika bega. "Chai yako tamu, mama mdogo."

Jumapili, 17 Machi

Sikutoka. Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Nimempandia Dada baada ya zamu, na sare ya kazi mwilini. Nilimkuta barazani akikata kucha.

"Umeniibia mtoto," nikamwambia kabla ya salamu.

Hakuinuka. "Mimi nilidhani mmekubaliana. Aliniambia mama anajua."

"Ningejua ningevaa gauni la zambarau kuja kukubebea sinia?"

"Sasa ulitaka nifanye nini? Nimsute mtoto mbele ya wakwe?"

"Mtoto wa nani, Dada?"

Mkasi wa kucha ukasimama. Ndani nilimsikia Shemeji akizima redio. Dada akasema taratibu, kwa sauti yake ya paredi ya shule, kwamba mambo ya harusi ni ya kupita, na mtu mzima hapimani ubavu na msichana aliyeko kwenye furaha yake. Nikamwambia ni rahisi kusema hivyo ukiwa wewe ndiye uliyekalia kiti. Nikashuka. Hakuniita.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua siku ya nne. Kikaushio kimoja kimekufa. Tumetandaza mashuka hadi kwenye korido.

Ijumaa, 5 Aprili

Kinda hajasema lolote kwa kijana. Nimeuliza. "Bado, mama. Mkwe ana presha wiki hii."

Alhamisi, 11 Aprili

Wamechagua ukumbi. Kati ya kumbi zote za mji huu, wamechagua hoteli yangu.

Kinda alikuja kuniambia mwenyewe. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akichezea pete. Bi Dawa ndiye aliyeupenda ukumbi, kwa sababu ya ngazi. Anataka picha za ngazini.

"Kwa hiyo siku hiyo utaomba ruhusa, si ndiyo?" akauliza.

"Ya kuhudhuria harusi? Nimeshaomba."

"Namaanisha na kabla. Siku tutakazokuwa tunakuja kuangalia ukumbi. Wenzako wakikuona wanaweza wakaanza..." Akatafuta neno. "Kushangilia."

"Wakaanza kushangilia."

"Unajua ninavyomaanisha."

Najua. Kila kitambaa cha meza kitakachotandikwa siku yake kitapita kwenye mikono hii. Anachoomba ni vitambaa vifike bila mikono.

Nilimwambia nitajitahidi nisionekane. Akanikumbatia. Nilitaka kumsukuma, na nilitaka asiniachie.

Jumamosi, 20 Aprili

Kupima gauni kwa fundi. Nilialikwa, mama mdogo naye ni mtu. Dada na Bi Dawa walikaa kwenye sofa, mimi nikapewa stuli karibu na kioo, nikawa nashika pini.

Kinda akatoka. Sitaandika alivyopendeza. Fundi alipiga magoti kwenye pindo akasema, "Bibi harusi ana kiuno cha kushonea, jamani."

Bi Dawa akamgeukia Dada. "Ni wewe mtupu, dada yangu. Huo urefu, hiyo shingo!"

Dada ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima. Fundi alinitazama, akamtazama Kinda, akarudi kwenye pindo lake. Mafundi wana adabu. Dada akasema, "Ahsante," na akajinyoosha kidogo pale kwenye sofa. Niliona. Alijinyoosha.

Siku hizi simchukii kwa kelele. Namtazama tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo nimefanya jambo.

Nilikuwa kwenye meza ya kukunjia, jasho limenilowesha, Bi Mvuke kwenye pasi kubwa ya kubana. Mlango ukafunguliwa, meneja wa ukumbi akaingia na mgeni anayetaka kuona rangi za vitambaa. Nilikuwa nimeshashika kapu ili nitokee mlango wa nyuma.

"Mama mdogo!"

Mpima ardhi mwenyewe. Buti zake zina tope la kazini. Akaja moja kwa moja, akaninyang'anya kapu. "Shikamoo! Kumbe uko hapa? Mbona Kinda hakuniambia?"

Bi Mvuke akatokeza kwenye mvuke wake, anafuta mikono, meno yote nje. "Usiniambie! Ndiye huyu mkwe—"

Nikamkanyaga mguu. "Mkwe wa dada yangu," nikasema. "Anamwoa binti wa dada yangu."

Meneja akaenda kutafuta sampuli. Kijana akakaa juu ya kapu la foronya bila hata kulipangusa, akaanza maswali: pasi ile ina joto kiasi gani, kovu la mkononi ni la lini, doa la mvinyo linatokaje. Si maswali ya kuua muda. Alisikiliza majibu. Nilimwambia hadi habari za bati langu linalovuja, sijui kwa nini. Nilijikuta nampenda, na hilo likaniuma kuliko yote. Kwa mtu kama huyu hapakuwa na sababu ya kudanganya.

Halafu akauliza, kwa wema tu, "Na wewe mama mdogo, una watoto wangapi?"

Ningeweza kucheka. Ningeweza kudondosha kitu. Mashine zilikuwa zinanguruma, ningejifanya sijasikia.

"Sina," nikasema.

"Pole," akasema, na uso wake ukanionea huruma kweli. "Basi tutakuwa wako sisi."

Walipotoka nilirudi kukunja. Tukafika hadi kubadilisha nguo. Ndipo Bi Mvuke akafunga kabati lake kwa goti, akasema bila kunitazama, "Mimi nimezika wawili. Na mtu akiniuliza, hadi leo nasema ninao wanne."

Jumapili, 28 Aprili

Nimemkana mwanangu. Aliyenifundisha ni yeye, lakini ulimi ni wangu.

Jumatatu, 6 Mei

Bati limeng'oka upande wa dirisha. Godoro limelowa. Nimempigia Kinda, alikuwa kwa mpiga picha, amesema atanipigia.

Jumanne, 7 Mei

Hakupiga. Muuza mkaa amenigongelea bati na misumari yake mwenyewe.

Jumanne, 14 Mei

Nikamuuliza tena kama amesema. "Mama, kila siku swali hilohilo?" Nimeacha kuuliza.

Jumapili, 19 Mei

Mvua ilikata asubuhi, jua likatoka kidogo, nikatoa godoro nje. Nikiwa nalipigapiga nikasikia sauti ya muuza mkaa ikitoka mwanzo wa uchochoro, ile sauti yake ya kuita wateja:

"Mama Kinda! Mama Kinda wee! Umepata mgeni!"

Nikageuka. Nyuma ya muuza mkaa alikuwa mpima ardhi, suruali ameikunja, kadi ya harusi mkononi kwenye mfuko wa nailoni.

"Anakutafuta huyu," akasema muuza mkaa. "Ananiuliza nyumba ya mama mdogo sijui wa nani, anayefanya kazi hotelini. Nikamwambia hapa mwenye kazi hotelini ni Mama Kinda peke yake. Kinda wetu anaolewa, unajua," akamwambia kijana, "tumemwona akitambaa hapa kwenye tope."

Kijana akamshukuru. Muuza mkaa akarudi kwenye magunia yake, ameridhika na kazi yake.

Tuliingia ndani. Alikaa kwenye kiti, mimi kwenye chaga tupu za kitanda. Aliiweka kadi mezani taratibu. Majina ya wazazi wa bibi harusi yameandikwa kwa wino wa dhahabu: Shemeji na Dada.

"Nilitaka kadi yako niilete mwenyewe," akasema. "Mama mdogo, kwa nini wanakuita Mama Kinda?"

Nikasema nilimlea alipokuwa mdogo. Nikasema majirani wana mazoea. Nilisema mengi, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kunitazama usoni, kama mpima ardhi anavyochungulia kwenye chombo chake cha kupimia, jicho moja limefungwa kidogo.

"Cheka," akasema.

"Nini?"

"Naomba ucheke kidogo."

Badala ya kucheka nikalia. Ikawa ni jibu.

Hakupandisha sauti. Alisimama dirishani, pale bati jipya lilipo. "Nilimuuliza," akasema. "Mwezi uliopita, nilipotoka pale hotelini. Nilimwambia huyu mama mdogo mmefanana sana. Akaniambia damu ya ukoo."

"Aliona haya, baba. Ni haya tu."

"Ya nini? Mama yangu ana maneno, lakini maneno hayaui mtu." Akajifuta uso kwa mkono. "Mimi namuoa. Nitamuoa hata asiposema. Ila nitakuwa nalala na mtu ambaye nikimuuliza swali ananitazama machoni na kunidanganya. Nataka aniambie mwenyewe, kabla ya siku. Usimwambie kuwa najua. Tafadhali, mama."

Mama. Bila mkubwa, bila mdogo.

Nilimwahidi.

Jumatatu, 20 Mei

Mashuka. Kichwa kinaniuma.

Jumanne, 21 Mei

Nikikaa kimya, hatasema. Namjua. Ataingia kwenye ndoa akiwa amepimwa na kushindwa, na hatajua kamwe kwa nini mume wake akimsikiliza anakunja jicho moja. Nikimwambia, nitakuwa nimemvunjia ahadi mtu pekee aliyejali kuniuliza mimi ni nani.

Bi Mvuke anasema: "Mwache avune." Anasema kwa sababu si wake.

Alhamisi, 23 Mei

Nimekwenda ofisini kwake. Niliketi kwenye benchi la nje, mlinzi akamwita. Alishuka haraka, akaangalia kwanza kama kuna mtu anayetuona.

"Anajua," nikamwambia.

"Umemwambia!"

Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Nikamweleza ilivyokuwa, muuza mkaa na yote. Akaketi. Rangi ilimtoka midomoni.

"Amekasirika? Amesema nini? Amemwambia mama yake?"

"Anasubiri umwambie mwenyewe. Atakuoa hata usiposema, lakini anasubiri. Na asijue kuwa nimekuambia."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, nilimwona akitoka kwenye hofu na kuingia kwenye mahesabu, na nikangoja atoke huko pia, afike mahali pengine. Nilingoja aniulize kama nililia. Nilingoja aseme hata "pole, mama" ile ya kupita.

Akatoa kioo kidogo, akajifuta chini ya macho.

"Nianzeje?" akauliza.

Basi nikamfundisha. Pale kwenye benchi, mlinzi anakunywa chai pembeni, nikamtungia mwanangu maneno ya kujuta kwa ajili yangu. Nikamwambia: sema uliogopa, sema kila siku ilizidi kuwa nzito. Sema unamwona mama yako akikunja vitambaa vya harusi yako na usingizi unakupotea. Akawa anarudia chini chini, kama alivyokuwa akikariri jedwali la kuzidisha.

"Hilo la vitambaa ni zuri," akasema.

Jumamosi, 25 Mei

Amepiga simu, sauti nyepesi kama pamba. Amemwambia. Kijana amelia. Amesema anampenda kuliko jana.

Baadaye akapiga kijana mwenyewe. "Mama! Ameniambia! Mwenyewe, bila kuulizwa! Eti kila akikufikiria unavyokunja vile vitambaa, usingizi unampotea."

"Nashukuru, mwanangu," nikasema.

Furaha yake ilikuwa safi kabisa, na nimeichafua mimi.

Jumapili, 2 Juni

Kikao kipya kwa Dada, cha kusahihisha. Sasa Bi Dawa ananiita mama wa bibi harusi na kunishika mikono yote miwili, kisha anaitazama aliyoishika. "Angesema tu mapema," akasema. "Sisi si watu wa hivyo." Mwisho akanitolea gauni kwenye mfuko. La kwake, la rangi ya maziwa. "Ili picha zifanane."

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Hakuna aliyempangia pale. Chai aliileta yeye.

Nilikuwa nimengoja kumwona hapo tangu Machi. Nilipomwona nikatazama kwingine.

Jumamosi, 8 Juni

Harusi imepita.

Asubuhi mawingu, mchana jua kali. Nilipanda ngazi za mbele za hoteli kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nilikaa meza kuu, katika gauni la Bi Dawa linalobana makwapani. Vitambaa vilinyooka.

Ilipofika zamu ya bwana harusi kusema, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakutaja yote, ni mtu wa staha. Alisema tu kwamba mke wake aliwahi kuogopa jambo, na angeweza kulificha hadi leo, lakini alikuja kwake kwa miguu yake akasema ukweli, na siku ile ndiyo aliyomwoa moyoni. Leo ni kusaini tu. "Na ukweli wenyewe," akasema, "ni mama huyu hapa. Mama mzazi wa mke wangu. Naomba asimame."

Nikasimama. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mlango wa wahudumu ulikuwa umejaa vichwa vya wenzangu, na Bi Mvuke, ambaye hakuwa zamu, alikuwa mbele yao akilia bila kujificha. Wanawake walikuwa wanamwangalia Kinda na kutikisa vichwa: msichana jasiri huyo, msichana mkweli.

Akaja kunikumbatia. Shela ikatufunika wote wawili, mpiga picha akapiga magoti. Akaweka mdomo sikioni mwangu. Watu walidhani ananibariki.

"Umeridhika sasa?" akasema.

"Umependeza," nikamwambia.

Makofi yakaendelea.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala hadi saa sita mchana.

Jumatano, 12 Juni

Hakuna mvua. Vumbi limeanza.

Jumamosi, 22 Juni

Leo Dada amekuja kwangu. Katika miaka yote hii hajawahi kushuka hadi huku. Mimi ndiye mpandaji. Alipiga hodi kama mgeni, kiatu kimoja kimetapakaa tope la mtaro. Nikamwonyesha kiti, akaketi kitandani.

Nilichemsha chai. Alizungumza habari za Shemeji na mgongo wake, habari za bei za vitu. Kikombe alikishika bila kunywa.

"Siku ile uliponijia barazani," akasema ghafla, "uliniuliza ulitaka nifanye nini. Hapana, mimi ndiye niliyekuuliza. Nilijua ningefanya nini. Ningesema neno moja tu. Lakini aliposema huyu ndiye mama..." Akatazama ndani ya kikombe. "Nilifurahi. Hadi nilipokuona na sinia. Na nilipokuona bado nilikuwa nafurahi."

Nilikuwa nimetayarisha majibu ya maneno hayo kwa miezi mitatu, nikiwa nimesimama kwenye mvuke, na yote yalikuwa makali, na sikuliona hata moja.

"Juzi amempigia shemeji yako," akaendelea. "Nikaomba simu. Akaniambia, 'Hujambo, mama mkubwa.' Mama mkubwa! Hajawahi kuniita hivyo tukiwa wawili tu. Nikamwambia karibuni nyumbani. Akasema watapita wakipata nafasi." Kidevu chake kilitetemeka, akakishika kwa vidole kama mtu anayezuia kitu kisianguke. "Miaka kumi na sita nimemchana nywele."

Nilifurahi. Niandike ukweli angalau humu. Ilinipanda hadi kooni, tamu kabisa, na nikaingoja itulie nipate kuila vizuri. Lakini alikuwa mzee sana pale kitandani, na kiatu kile cha tope.

Akanyanyua macho. "Na wewe? Anakupigia?"

Nje muuza mkaa alikuwa akipima gunia na kubishana na mteja. Nikainuka nikamwongezea chai, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa.

"Kila siku," nikasema. "Ananisumbua kweli."

Dada akatikisa kichwa polepole, akasema ni vizuri, ndivyo inavyotakiwa, mtoto ni wa mama yake.

Hajanipigia tangu siku ya harusi.